Mstari wa Tisa

Wanaotaka kujua nilifikaje nchi ya Tazamana wasinisumbue. Nilifika, nikiwa na sanduku la vifaa na kikohozi, na mambo ya njiani hayamfai mtu. Mimi ni seremala wa madirisha, mwaka wa thelathini na tisa sasa. Barua iliyonikuta karakanani ilisema mji mmoja wa nchi hiyo unataka fundi kwa kazi ya siku moja. Haikusema kazi gani, nami sikuuliza, na hilo nalijutia mpaka leo.

Katika Tazamana kila nyumba ina dirisha moja la mbele, na dirisha hilo halifunguliwi kwa sababu ya joto wala halifungwi kwa sababu ya mvua. Kila asubuhi, jua likishavuka mapaa, ngoma hupigwa mara moja. Hapo kila mwenye nyumba hufungua dirisha lake au hulifunga, mji mzima kwa pamoja, na jinsi lilivyowekwa ndivyo linavyokaa mpaka ngoma ya kesho. Anajuaje afanye lipi? Kila nyumba imepangiwa nyumba tatu za kutazama, na nyuma ya mlango wake kuna cheti chenye mistari minane. Ikiwa jana nyumba zako zote tatu zilikuwa wazi, fanya hivi. Ikiwa mbili za kwanza zilikuwa wazi na ya tatu imefungwa, fanya vile. Inaendelea hivyo mpaka hali zote ziishe. Kwa kuwa mimi ni mbishi nilizihesabu mwenyewe kwa kupanga misumari mezani, na ni kweli, madirisha matatu hayawezi kukaa kwa namna zaidi ya nane. Watoto wao hufundishwa mistari ya nyumba yao kabla ya kufundishwa kuoga.

Wala si mchezo. Kila dirisha lina kamba inayoshuka hadi mferejini. Likifunguliwa, kilango cha maji hunyanyuka na bustani ya nyumba hiyo hunywa siku nzima. Likifungwa, bustani inakaa na kiu yake. Maji ya kunywa na kupikia huchotwa kisimani, lakini ndoo ya kisimani ni marufuku kumwagia mmea, kwa sababu maji yaliyobebwa kwa mkono hayakuamuliwa na dirisha la mtu yeyote.

Aliyenipokea ni Mzee Ngwali, Mtunza Vyeti wa mji ule, mtu mpole mwenye kanzu safi na kalamu tatu mfukoni, ingawa kwa muda wote niliokaa sikumwona akiandika. Nilimuuliza mfalme wao ni nani. Akacheka kwa adabu.

"Hatuna mfalme, fundi. Sisi tunajitawala."

"Basi anayeamua ni nani?"

"Mimi nalitazama Baraza. Baraza linatazama mavuno. Mavuno yanatazama maji, maji yanatazama madirisha, na madirisha yanatazamana yenyewe. Umemwona hapo mtu wa kulaumiwa?"

Nikasema sijamwona.

"Ndiyo uzuri wake," akasema, na kwa kweli alifurahi.

Alinipeleka kwenye Nyumba ya Picha. Humo mna ukuta wenye vishimo mia mbili na kumi na mbili, kimoja kwa kila nyumba ya mji, na kila asubuhi kijiti cheupe huchomekwa kwa dirisha lililo wazi na cheusi kwa lililofungwa. Kwa miaka mingi picha ya ukutani ilikuwa ikibadilika kwa siku kumi na nne, kisha siku ya kumi na tano ikarudi vilevile ilivyoanza, kijiti kwa kijiti. Marejeo hayo wanayaita Duru. Siku ya Duru hupikwa pilau, watu hupeana mikono, na mji hujipongeza kwa kufanya tena yale uliyoyafanya.

"Na vyeti viliandikwa na nani?" nikauliza.

"Hakuna aliyeviandika. Vilirithiwa." Akanieleza kwamba kila baada ya miaka saba miji yote ya nchi hulinganisha mavuno yake. Mji uliovuna zaidi, vyeti vyake hunakiliwa kwa miji mingine yote, nyumba kwa nyumba. Siku hiyo huitwa Kurithi. Kisha katika kila mji hupigwa kura, na mstari mmoja wa nyumba moja hugeuzwa, ili nchi isidumae. Geuzo likileta heri, litanakiliwa na wengine. Likileta shari, litapotea katika Kurithi kunakofuata.

"Na mwenye nyumba?"

"Yupi?"

"Aliyegeuziwa mstari."

Mzee Ngwali aliwaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina la utoto la marehemu babu yake. "Huyo ni wa miaka saba tu," akasema.

Ndipo akanieleza kazi niliyoitiwa. Kurithi kupya kulikuwa kumebakiza wiki tatu. Kabla yake, dirisha lolote ambalo halikusogea tangu Kurithi kulikopita huhesabiwa limekufa. Hupigiliwa misumari, na nyumba hiyo hufutwa katika vyeti vya wote. Haitapewa cheti kipya, na hakuna atakayetakiwa kuitazama tena. Mwaka huo lilikuwapo moja. Hakuna mwenyeji aliyeweza kulipigilia, si kwa huruma, bali kwa sababu vyeti vyao vinasema fungua na funga tu, na mstari wa nyundo haumo. Ilibidi atafutwe mtu asiye na cheti. Alinihesabia misumari kumi na sita mkononi, nami nikaipokea. Siwezi kusema sikuipokea.

Mwenye dirisha aliitwa Sikudhani, mjane wa miaka hamsini na kitu. Nilipofika kupima fremu, alinifungulia mlango kabla sijabisha.

"Karibu, fundi. Umekuja kunizika. Kaa kwanza unywe chai."

Nilikaa. Ndani kulikuwa giza la asubuhi, na kupitia mlango wa nyuma niliona bustani yake: safu mbili za visiki vya mikomamanga, vyote vikavu, na mti mmoja tu wenye majani. Aliniambia huo mmoja anaunywesha maji ya kuoshea mchele, akiyamwaga kwa kujificha kama mwizi ndani ya ukuta wake mwenyewe. Dirisha lake halikuwa limefunguliwa kwa karibu miaka saba.

"Hebu soma hicho cheti," akasema.

Nikasoma. Mistari sita kati ya minane ilisema fungua.

"Mbona una bahati," nikasema, na papo hapo nikaona haya.

"Ndivyo alivyoniambia Ngwali nilipokwenda kulalamika. Akasema haki yangu ni kubwa kuliko ya watu wengi wa mji huu. Lakini nyumba tatu ninazozitazama, fundi, katika siku kumi na nne za Duru hukaa kwa namna mbili tu. Mstari wa pili na mstari wa saba. Zamani wa saba ulikuwa fungua. Kura ikaja ikaugeuza. Hiyo sita iliyobaki ni mizuri sana, ila mji haujawahi kunifikisha huko hata siku moja."

Nilikasirika. Nimeshaona milango mingi inayochorwa ukutani ili nyumba ipendeze, lakini sikuwahi kumwona mtu anaambiwa apite humo. Kabla sijasema neno, sauti ya mwanamume ikatoka barabarani.

"Pole, Bi. Sikudhani."

"Nimeshapoa, Mbaruku."

Mbaruku ni mfuga nyuki wa nyumba inayotazamana na yake, mtu mrefu mwenye mabega ya kuomba radhi. Sikudhani akaniambia kwamba amempa pole kila asubuhi, tangu mti wa kwanza ulipokauka, bila kukosa hata siku ya harusi ya binti yake. "Pole zake ningezipanda," akasema, "sasa ningekuwa nauza matunda."

"Kwa nini usilifungue tu?" nikamuuliza.

Hakucheka. Aliniambia kila asubuhi ngoma inapolia mkono wake huwa uko kwenye komeo. Lakini nyumba tano zinalitazama dirisha lake. Likifunguka, nyumba hizo zitaangukia mistari ambayo hazijawahi kuisoma kwa vitendo, na nyumba zinazozitazama hizo nazo vilevile. Huenda bustani ya mtu ikakauka kwa ajili yake, naye akabaki kuwa sababu. "Hapa hakuna mtu ambaye ni sababu ya kitu," akasema. "Watu wataniangalia vipi?"

"Baada ya kesho hawatakuangalia kabisa," nikamwambia.

Akaniongezea chai, akaondoka kwenda kuosha mchele.

Kesho yake nilisimama mbele ya dirisha lake na nyundo mkononi, Mzee Ngwali ubavuni, majirani wakiwa kila mtu dirishani pake. Ngoma ikalia. Mji mzima ukapiga mbao mara moja, na katikati ya kishindo hicho nilisikia kitu ambacho sikio langu halikosei: bawaba kavu zikilia. Dirisha la Sikudhani lilifunguka. Alilisukuma kwa mabega, maana mbao zilikuwa zimevimba, na alipomaliza alisimama pale akihema, uso wake ukipigwa na jua la dirishani kwa mara ya kwanza tangu Kurithi. Nyuma ya nyumba maji yakaanza kusikika.

 Mzee Ngwali alitazama dirisha, akatazama mfereji, kisha akanigeukia.

"Fundi, pigilia."

"Dirisha lililo wazi halipigiliwi, mzee. Mbao hazikutani."

"Lifunge, kisha upigilie."

"Mimi nimeitwa kupigilia. Kufunga ni kazi ya mwenye cheti."

Hilo lilimwingia, kwa kuwa lilikuwa sheria yao wenyewe. Akaniambia nisiondoke mjini mpaka Baraza likae. Ukweli ni kwamba jibu lile nililitafuta kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Ujasiri ulikuwa wa mwenye nyumba.

Siku ya pili nyumba tano zilifuata mistari mipya. Siku ya tatu zilikuwa kumi na mbili, ya nne sikuweza kuzihesabu. Bustani zilizozoea maji ya Ijumaa zikayapata Jumanne. Mzee mmoja wa mtaa wa chini alikuta mchicha wake unaogelea, akalia, kisha akauchuma akaula. Kwenye Nyumba ya Picha watu walipanga foleni kuona ukuta, maana kila asubuhi ulikuwa na sura ambayo hakuna aliye hai aliyeiona. Na katika vurugu hiyo nyumba tatu za Sikudhani zikakaa kwa namna ya tano, kisha ya kwanza, kisha ya tano tena, na cheti chake halali kabisa kikamwambia fungua. Alifungua mara tatu kwa sheria. Mkomamanga wake ukatoa machipukizi mekundu.

Baraza lilikaa siku nne, nami niliruhusiwa kusikiliza. Mjumbe mmoja alisema dirisha halikufunguliwa, kwa sababu hakuna mstari uliolifungua, na jambo lisilo na mstari halitokei. Hivyo maji yaliyoingia bustanini si maji. Mwingine akasema lilifunguliwa na upepo, na akaomba upepo uandikiwe onyo. Wa tatu, aliyekuwa mkali, alitaka nyumba tano za kwanza ziadhibiwe kwa kueneza vurugu. Vyeti vyao vikaletwa, vikasomwa, na ikaonekana wamefuata kila herufi, tena mistari migumu isiyozoeleka. Hoja ya adhabu ikafutwa na ikaletwa hoja ya kuwapa tuzo, ambayo ilishindwa kwa kura moja.

Nikaitwa kushuhudia. "Fundi, siku ile upepo ulikuwapo?"

"Ulikuwapo. Lakini nililiona bega la mwanamke."

Wakaamua neno hilo lisiingizwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa mimi sina cheti na asiye na cheti hana anachokitazama. Lakini walikubaliana juu ya jambo moja. Kufungua kule kwa kwanza hakukuwa halali, na mara tatu zilizofuata zilizaliwa nako, kwa hiyo zote hazihesabiwi. Dirisha bado lilikuwa limekufa. Lingepigiliwa siku ya Duru.

Kama Duru ingekuwapo, nilijisemea. Lakini asubuhi ya kumi na moja tangu dirisha lifunguke, Mzee Ngwali alinishika mkono akanipeleka mbio kwenye Nyumba ya Picha, macho yake yakiwa na machozi. Ukuta ulikuwa umerudi. Ilikuwa mojawapo ya picha zile kumi na nne, ileile ya miaka yote, kijiti kwa kijiti, na kile cha Sikudhani kilikuwa cheusi.

"Umeona, fundi? Mji umejirekebisha. Hatukumgusa mtu wala kumfokea mtu. Kila mmoja alimtazama jirani yake, basi, na kosa likamezwa."

 Nilikuwa nimeamini kwamba akishafungua mara moja yamekwisha, kumbe mji ule umejengwa hivyo hasa, unaweza kuyumbishwa siku kumi na ukarudi kulalia ubavu uleule. Jioni nilimkuta Sikudhani amekaa chini ya mti wake. Niliogopa kumtazama.

"Mbao zangu bado zimevimba?" akauliza.

"Kidogo."

"Nipigie randa basi. Zisinisumbue siku ya Duru."

Nilizipiga randa na kutia mafuta kwenye bawaba, na sijawahi kufanya kazi kwa hamu kama ile. Aliniuliza iwapo nitalipigilia. Nikamwambia nimekwishaamua, ila nataka jibu langu alisikie Ngwali kwanza.

Siku ya Duru harufu ya pilau ilitangulia ngoma. Watu walikuwa wamevaa nguo za sherehe, kila mtu dirishani pake, wakingoja kufanya lile wanalolijua. Sikudhani alitoka nje na cheti chake mkononi, jambo ambalo halifanywi, akakibandika ukutani kando ya dirisha ili kila mtu akione. Chini ya mistari minane alikuwa ameongeza mmoja kwa mkaa. Uliandikwa: Mti ukiwa na kiu, fungua.

Watu walinong'onezana. Niliuelewa mshtuko wao. Mstari ule ulikuwa wa kwanza katika nchi ile kutazama kitu kisicho dirisha la mtu mwingine.

"Hali zote ziko kwenye minane," Mzee Ngwali akasema, karibu kwa kubembeleza. "Huo wa tisa hauna pa kusimama, mama."

"Umesimama hapo. Usome."

Ngoma ikalia. Alifungua kwa kidole kimoja, bawaba hazikutoa hata sauti, na niseme wazi kwamba niliona fahari. Maji yakaingia bustanini.

"Mji utakurudisha tena," Mzee Ngwali akasema. "Siku kumi, kumi na moja, utarudi ulipokuwa."

"Najua. Na siku hiyo nitafungua tena. Ukinirudisha mara mia, nitafungua mara mia na moja. Mimi nina mkono, mzee. Mji una nini?"

 Alinigeukia mimi. "Fundi. Hufungi, sawa. Nitalifunga mimi. Wewe pigilia."

"Sipigilii," nikasema. "Si leo, si kesho, na si dirisha hili wala jingine la hapa. Anayeona linafaa kupigiliwa apigilie mwenyewe."

Nikampa nyundo. Aliipokea, kwa kuwa ni mtu wa adabu na kitu ukipewa unapokea. Akaipima uzito. Kisha, mbele ya mji mzima, alitoa cheti cha nyumba yake kwenye kanzu, akakikunjua, akasoma mistari minane kutoka juu hadi chini, na akairudia. Mkono wenye nyundo ulibaki ukining'inia. Nilimwonea huruma, nakiri, ila haikutosha kunifanya nimsaidie.

Hapo ndipo mbao ziligongana ng'ambo ya barabara. Dirisha la Mbaruku, ambalo kila siku ya Duru tangu Kurithi hukaa limefungwa, na ambalo dakika chache nyuma alikuwa amelifunga kama kila mtu alivyotarajia, lilikuwa wazi. Yeye mwenyewe alisimama katikati yake, mikono kwenye fremu, rangi imemtoka. Bustani yake haikuwa na kiu hata kidogo. Alikuwa na maji jana yake. Kila mtu alilijua hilo.

"Mbaruku," Mzee Ngwali akaita. "Umefuata mstari gani?"

"Wa tisa, mzee."

"Cheti chako hakina wa tisa."

"Nimeazima wa jirani." Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya Sikudhani. "Na mti wake ndio ninaoutazama. Kilango changu kiko juu ya chake, na maji yanayonizidi hushukia kwake; vyote viwili vikinyanyuka yeye anapata zaidi."

Mzee Ngwali alimtazama yeye, akamtazama Sikudhani, akaitazama nyundo. Mtaani mwote hakuna aliyesogea, lakini niliona mikono kwenye makomeo, mingi. Mbaruku akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ileile aliyoitumia kila asubuhi kwa miaka yote ile:

"Pole, Mzee Ngwali."

Niliondoka siku hiyohiyo, pilau likiwa bado mekoni. Nyundo sikuidai. Misumari ile kumi na sita nimerudi nayo yote, iko kwenye kopo karakanani, na anayedhani nasimulia habari za Tazamana kwa kuwa ni mbali na kwetu aje aihesabu.